Barua ya Wazi kwa Marais wa Marekani na Urusi: Rudisheni Wakaguzi

Kwa:
Mheshimiwa Donald Trump, Rais wa Marekani, White House, Washington
Mheshimiwa Vladimir Putin, Rais wa Shirikisho la Urusi, Kremlin, Moscow

YAH: KUHESABIANA SILAHA ZA NYUKLIA

Waheshimiwa Marais,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa Historia, naishi Songea, kusini mwa Tanzania. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimewafundisha Vita Baridi watoto ambao baridi kali kuliko zote waliyoijua ni ile ya mwezi wa sita huko Njombe. Barua hii si ya kwanza. Tatu zilitangulia, zote kwa rejista, kwenda kwa ofisi ambazo sitazitaja. Stakabadhi za posta ninazo. Hakuna iliyojibiwa, hata kwa ule mstari mmoja wa "barua yako imepokelewa". Basi leo nawaandikia mbele za watu.

Siwaombi mpendane. Ugomvi wenu naujua. Uliwahi kupiga kambi hapa jirani, ng'ambo ya Mto Ruvuma, ukavaa nguo za Wamsumbiji na kuua Wamsumbiji. Sina ndoto ya kuwapatanisha. Ninachodai ni kidogo kuliko hicho, na kiliwahi kuwapo: mrudi kuhesabiana silaha kwa macho, mmoja akiwa amesimama ndani ya ghala la mwenzake.

Nieleze kwa nini jambo dogo hivyo linaninyima usingizi. Shule niliyomalizia kazi ilikuwa ya bweni. Stoo ya chakula ilikuwa na kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mtunza stoo, wa pili kwangu. Kila Jumamosi asubuhi tulifungua pamoja, tukahesabu magunia ya mahindi na maharage, tukapima madumu ya mafuta kwa kijiti, tukaandika kwenye leja, kila mtu akatia saini yake. Mimi na mtunza stoo yule hatukuiva chungu kimoja. Upo muhula mzima tulioumaliza bila kuzungumza neno nje ya mahindi. Lakini haikurukwa Jumamosi hata moja, na watoto walikula. Tulihesabu kwa sababu hatukuaminiana. Tungekuwa marafiki, huenda leja ingeota vumbi na magunia yangepungua kimya kimya.

Watangulizi wenu walilielewa hilo. Ronald Reagan alikariri methali ya Kirusi, doveryai, no proveryai, yaani amini lakini hakiki, akawa anamrudishia Mikhail Gorbachev mpaka Gorbachev akalalamika mbele ya kamera kwamba mwenzake anaisema kila wakikutana. Ilikuwa Desemba 8, 1987, mjini Washington, wakitia saini mkataba wa INF wa kufuta makombora ya masafa ya kati. Kufikia katikati ya 1991, makombora 2,692 yalikuwa yameharibiwa. Injini za makombora ya Marekani yaitwayo Pershing zilichomwa Longhorn, Texas, wakaguzi wa Kisovieti wakitazama moshi. Wamarekani wakaenda kuishi Votkinsk, mji alikozaliwa mtunzi wa muziki Tchaikovsky, kwenye lango la kiwanda cha makombora. Wasovieti wakaja kuishi Magna, Utah, kwenye lango la kiwanda cha Marekani. Kwa miaka kumi na mitatu, 1988 hadi 2001, watu hao waliamka kila siku kwenda kutazama nini kinatoka getini. Kazi ya mlinzi wa zamu, hakuna zaidi. Katika habari zote za Vita Baridi nilizofundisha, sikupata ushujaa ulionivutia kuliko huo wa kuchosha.

Lipo somo lingine nililolipenda hata zaidi. Kati ya 1993 na 2013 Urusi ilizimua tani 500 za urani ya mabomu, kiasi cha kutosha vichwa vya nyuklia 20,000, ikaiuza Marekani iwe mafuta ya vinu vya umeme. Kwa miaka hiyo takriban asilimia 10 ya umeme wa Marekani ilitokana na urani hiyo. Nilikuwa nawaambia wanafunzi wahesabu taa kumi za ukumbini, kisha nawaonyesha moja. Ile pale, ingekuwa Chicago, ingekuwa inawaka kwa bomu lililotengenezwa kuiangukia Chicago. (Siku umeme ulipokuwepo, lakini hayo ni ya nchi yangu, tutayamaliza wenyewe.)

Malalamiko yangu, Waheshimiwa, ni haya.

1. Mmeifunga leja.

Mkataba wa New START, uliotiwa saini Prague Aprili 8, 2010, uliwawekea kikomo cha vichwa 1,550 vilivyo tayari kurushwa kwa kila upande. Namba hiyo ndiyo inayosomwa redioni. Mimi navutiwa zaidi na yale yasiyosomwa. Kila upande ulikuwa na haki ya kaguzi 18 kwa mwaka. Wakaguzi wanatua, wanataja kambi wanayoitaka, wanapelekwa, wanachagua kombora wenyewe, linafunuliwa ncha, wanahesabu vichwa vilivyomo. Vimevikwa kifuniko ili siri ya umbo ibaki kwa mwenyewe, ila idadi inaonekana. Kaguzi zaidi ya 300 zilifanyika kwa mtindo huo. Taarifa zaidi ya 25,000 zilipelekwa na kurudishwa: kombora fulani limehamishwa, ndege fulani imeingia matengenezo.

Machi 2020 kaguzi zikasimama kwa sababu ya korona. Hapo sina neno. Shule zetu pia zilifungwa Machi hiyo hiyo, zikafunguliwa Juni. Kaguzi zenu hazikufunguliwa tena. Februari 21, 2023, Mheshimiwa Putin ukatangaza kusimamisha ushiriki wa Urusi. Marekani nayo ikajibu kwa kuzuia takwimu zake. Mkataba wenyewe ulikuwa na nafasi moja tu ya kurefushwa, nayo mliitumia 2021. Ukafika mwisho wake Februari 5, 2026, bila mwingine wa kuushika mkono.

Nakumbuka kwamba Septemba 2025 Mheshimiwa Putin ulijitolea kuendelea kuheshimu vikomo kwa mwaka mmoja zaidi, na kwamba Mheshimiwa Trump ulisema ni wazo zuri. Lakini ahadi ya kikomo bila mtu wa kuhesabu ni sawa na mtunza stoo wangu kunisimamisha mlangoni akasema, "Magunia yapo yote, mwalimu, nenda kapumzike."

Msione natia chumvi kuhusu taarifa. Januari 25, 1995, wanasayansi walirusha roketi ya utafiti kutoka Norway. Norway ilikuwa imetoa taarifa mapema, ila taarifa hiyo haikuwafikia watu wa rada wa Urusi, nao wakadhani huenda ni kombora la nyambizi ya Marekani. Boris Yeltsin, rais wa Urusi wakati huo, alifunguliwa lile begi lake la amri za kurusha silaha za nyuklia. Na huo ulikuwa wakati wa urafiki! Yeltsin na Clinton walikuwa wakicheka pamoja mbele ya waandishi wa habari. Karatasi moja kukwama kwenye meza moja kulitosha. Leo mmeacha karatasi nyingi kiasi gani zisiandikwe kabisa, na mnacheka na nani?

2. Mmebomoa kwa zamu.

Sitamwacha mmoja wenu ajifiche nyuma ya mwingine. Marekani ilijitoa mwaka 2002 kwenye mkataba wa ABM wa 1972, uliozuia kinga za makombora, huku Urusi ikisema wazi kwamba haikubali. Urusi ikatengeneza kombora la 9M729, ambalo Marekani na NATO walisema linavunja INF. Marekani ikajitoa INF Agosti 2, 2019. Mkataba wa Anga Wazi, uliowaruhusu kupiga picha juu ya ardhi ya wenzenu, Marekani ikauacha 2020, Urusi ikaufuata 2021. Novemba 2023 Urusi ikafuta kuridhia kwake mkataba wa kupiga marufuku majaribio ya nyuklia, kwa hoja kwamba Marekani, iliyotia saini 1996, haijauridhia hadi leo. Ukimsikiliza kila mmoja peke yake, hakuna aliyekosea. Kwenye uwanja wa shule hiyo tunaiita "yeye ndiye alianza", na wote wawili hupewa jembe wakalime.

3. Mmewafanya walioacha silaha waonekane wajinga.

Ukraine ilirithi vichwa vya kimkakati karibu 1,900 Umoja wa Kisovieti ulipovunjika. Ufunguo wa kuvirusha ulibaki Moscow, ni kweli, lakini vilikuwa kwenye ardhi yake, nayo ilivikabidhi vyote. Desemba 5, 1994, mjini Budapest, Urusi, Marekani na Uingereza zilitia saini kuheshimu mipaka yake. Mheshimiwa Putin, majeshi yako yalichukua Crimea 2014, na Februari 24, 2022 yakaivamia nchi nzima. Wiki saba tu kabla ya uvamizi huo, Januari 3, 2022, serikali yako ilikuwa imeungana na Marekani, China, Ufaransa na Uingereza kutamka kwamba vita vya nyuklia havina mshindi na havipaswi kupiganwa kamwe.

Mwaka ule mwanafunzi mmoja wa kidato cha sita, binti mkimya anayekaa nyuma, alinyoosha mkono. Tulikuwa tumesoma kwamba Afrika Kusini ilitengeneza mabomu sita ikayavunja yenyewe, nchi pekee duniani iliyofanya hivyo kwa silaha ilizojitengenezea. Akauliza, "Mwalimu, Afrika Kusini walikosea?" Nilimjibu hapana. Akauliza kwa nini. Kengele ya mapumziko iliniokoa, na mpaka nastaafu sikumrudishia jibu lenye miguu miwili. Deni hilo ni lenu, mimi nimebebeshwa tu.

4. Neno letu mmelichukua, lenu hamjalitoa.

Huwa tunaambiwa sisi ni nyasi na ninyi ni tembo. Methali hiyo naikataa hapa, kwa sababu nyasi hazina saini. Sisi tunayo. Katika mkataba wa kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia, ulioanza kutumika 1970, nchi zisizo na bomu ziliahidi kutolitafuta, na ninyi kwenye Ibara ya VI mkaahidi kufanya mazungumzo ya kweli ya kulimaliza. Mwaka 1995, New York, mlitusihi tuurefushe bila kikomo. Tukakubali. Tumefunga ndoa ya milele na mtu anayelala nje. Mikutano ya tathmini ya 2015 na 2022 yote ilikwisha bila waraka wa pamoja.

Afrika ilienda mbali zaidi. Mkataba wa Pelindaba, uliotiwa saini Cairo Aprili 1996 na kuanza kutumika Julai 2009, unalifanya bara zima kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia. Zipo itifaki zake za kusainiwa na mataifa yenye bomu, kuahidi kutotutishia wala kujaribu silaha kwetu. Urusi iliziridhia 2011. Hapo, Mheshimiwa Trump, mwenzako amekutangulia: Marekani ilitia saini 1996, Rais Obama akazipeleka Seneti 2011, na mpaka leo haijaziridhia.

5. Mdomo.

Agosti 2025, kwa sababu ya maneno ya mtandaoni ya Dmitry Medvedev, rais wa zamani wa Urusi, Mheshimiwa Trump ulitangaza kusogeza nyambizi mbili za nyuklia. Oktoba mwaka huo huo ukaagiza majaribio ya silaha za nyuklia yaanze tena, siku chache baada ya Mheshimiwa Putin kujisifia kombora la Burevestnik linalokwenda kwa injini ya nyuklia. Jaribio la mwisho la Kisovieti lilikuwa 1990, la mwisho la Marekani 1992. Hili sitalirefusha, watu wazima wanajua.

Sasa visingizio, maana navijua, na vingine nilivipata kwa wasaidizi wenu nikiwasikiliza redioni.

Mtasema China. Haiwezekani kuhesabiana wawili huku wa tatu anajaza ghala. Ni kweli inajaza, makadirio yanasema ina vichwa kama 600. Ninyi kila mmoja ana zaidi ya 5,000, ukijumlisha na vinavyosubiri kuvunjwa. China ilijaribu bomu lake la kwanza mwaka 1964, na Nixon wa Marekani na Brezhnev wa Umoja wa Kisovieti hawakuisubiri kutia saini mwaka 1972. Iiteni mezani, lakini msiifanye mlango wa kutokea.

Mtasema satelaiti zinatosha. Satelaiti inaona shimo la kombora na mfuniko wake. Haioni kama ndani ya kombora mna kichwa kimoja au vinane. Aliyesimama chini na tochi ndiye anayejua, na ndiye mliyemrudisha nyumbani.

Mtasema hatuwezi kukaa pamoja huku Ukraine inawaka. Hiki ndicho kisingizio kizito, na nakijibu kwa tarehe mbili. Mei 8, 1972 Nixon alitangaza kutega mabomu ya baharini kwenye bandari ya Haiphong, Vietnam, meli za Kisovieti zikiwa humo humo. Mei 26, siku kumi na nane baadaye, alikuwa Moscow akitia saini mkataba wa ABM na makubaliano ya kwanza ya kuzuia ongezeko la makombora. Hawakuwa wamesameheana Vietnam. Baadaye, baada ya Wasovieti kuingia Afghanistan 1979, mkataba wa SALT II haukuridhiwa, na bado pande zote mbili kwa sehemu kubwa ziliheshimu vikomo vyake kwa miaka kadhaa. Vita havikuzuia kuhesabu zamani. Vilikuwa sababu ya kuhesabu.

Na mtasema, hata kama ni kwa adabu: mwalimu wa Songea, hili linakuhusu nini?

Linanihusu tangu mwanzo wake. Sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima ilitoka Shinkolobwe, Katanga, nchini Kongo, ikachimbwa na wajomba wa watu wanaozungumza Kiswahili hiki ninachokiandikia. Linanihusu tangu Tunguu, Unguja, ambako Marekani ilijenga kituo cha kuwasiliana na wanaanga wake. John Glenn alipozunguka dunia Februari 1962, kituo hicho cha Zanzibar kilikuwa kimoja kati ya vituo alivyozungumza navyo. Kilikuwa kituo cha antena na redio, lakini uvumi ulisema makombora, na baada ya Mapinduzi ya 1964 kikaondolewa. Tazameni jinsi uvumi unavyokomaa mahali watu hawakuingia kuona wenyewe. Linanihusu pia leo: kutoka hapa kwenda Namtumbo ni mwendo wa basi usiofika nusu siku, na huko, Mto Mkuju, kampuni ya kundi la Rosatom, shirika la nyuklia la serikali ya Urusi, ilizindua kiwanda cha majaribio cha urani Julai 2025. Nchi yangu, kama nyingine isiyo na silaha, iko chini ya wakaguzi wa IAEA, shirika la kimataifa la nishati ya atomiki lililoko Vienna. Yaani mchimbaji wa Namtumbo anakaguliwa, na vichwa vyenu zaidi ya 10,000 havina mkaguzi.

Utafiti uliochapishwa 2022 ulikadiria kwamba vita kamili kati yenu vingeweza kuua kwa njaa zaidi ya watu bilioni 5, kwa sababu moshi wa miji yenu ungezuia jua na mazao yangekosa kukomaa. Wengi wa hao hawako Washington wala Moscow. Mahindi ya Ruvuma hupandwa mvua za Novemba na Desemba, na mwaka ambao jua halikutosha hata kidogo tu tunaujua kwa harufu ya ukungu ghalani.

Kwa hiyo naomba, na naomba kwa mpangilio wa lipi linaweza kufanyika kwanza:

(a) Mrudishe taarifa. Haihitaji mkataba mpya. Makubaliano ya 1988 ya kuarifiana kabla ya kurusha makombora ya balistiki Urusi ilisema 2023 itaendelea kuyafuata. Ongezeni juu yake takwimu mlizokuwa mkipeana mara mbili kwa mwaka chini ya New START.

(b) Mrudishe wakaguzi. Hata kaguzi mbili tu mwaka wa kwanza, moja kila upande, kambi ichaguliwe na mgeni.

(c) Kila mmoja atamke kwa maandishi kwamba hatajaribu bomu la nyuklia. Urusi irudishe kuridhia ilikokufuta. Marekani imalize ilichotia saini 1996.

(d) Seneti ya Marekani iridhie itifaki za Pelindaba.

(e) Ndipo mkae kuandika mkataba wa kuchukua nafasi ya New START, na mchukue muda mnaoutaka.

Jibu likija, nitalisoma hadharani kama nilivyoandika hadharani. Anwani yangu iko kwenye barua tatu za mwanzo.

Wenu katika ujenzi wa amani,

Mwalimu mstaafu wa Historia,
Songea, Tanzania

Nakala: Ofisi tatu zilizopokea barua zangu za awali.